Chanzo na Hitaji: Swali la Haki ya Mtu Mwenye Ulemavu huko Mbau

Wakili anayesimama kwa niaba ya mtu mwenye ulemavu anayedai malipo hulazimika, kabla hajaandika mstari wa kwanza wa ombi lake, kuamua jambo ambalo wanafalsafa na wanateolojia wamelibishania kwa karne nyingi, yaani msingi wa dai lenyewe. Mtu aliyepungukiwa na nguvu za mwili anaweza kudai kwa sababu ya kile kilichomfika, kwa kuwa kuna mtu, jeshi, mwajiri au dola iliyomvunja na ambayo sasa ina deni kwake. Au anaweza kudai kwa sababu ya kile anachokosa ili aishi miongoni mwa watu kama mtu, bila kuulizwa ni nini kilichomfanya akikose. Msingi wa kwanza utaitwa hapa chanzo, na wa pili utaitwa hitaji. Katika nchi zenye mifuko mikubwa ya umma misingi hii miwili hukaa katika ofisi mbili tofauti, na mwananchi hana sababu ya kuiwaza sana. Lakini mahali ambapo mifuko ni michache na walioumia ni wengi, kuchagua kati ya chanzo na hitaji ni kuchagua nani atakula na nani atasubiri.

Mbau ni mahali pa namna hiyo. Iko takriban kilomita 20 kaskazini mwa mji wa Beni, katika Kivu Kaskazini, kwenye barabara inayokwenda Oicha, Eringeti na hatimaye Ituri, ndani ya sekta ya Beni-Mbau ambayo imebeba jina lake. Wengi wa wakazi wake ni Wanande, ambao hujiita pia Wayira, nao ni wakulima wa muhogo, ndizi, mpunga, michikichi na kakao. Kati ya mwaka 1998 na 2003, wakati wa vita vya pili vya Kongo, eneo hili lilikuwa chini ya jeshi la Uganda na makundi ya Kikongo yaliyoshirikiana nalo. Na tangu Oktoba 2014 vijiji vya teritware ya Beni vimeshambuliwa mara kwa mara, kwa panga na kwa bunduki, katika mauaji ambayo kwa sehemu kubwa yanahusishwa na kundi la ADF, kundi lililoanzia Uganda na kujikita katika misitu ya Beni. Lakini ulemavu ulikuwepo kabla ya vita vyote viwili. Kuanzia miaka ya 1930 daktari mmisionari wa Marekani, Carl Becker, alijenga huko Oicha hospitali na kituo cha ukoma kilichopokea maelfu ya wagonjwa, na wengi wao walipona ugonjwa wakabaki na mikono isiyokunjuka na miguu isiyokuwa na vidole. Polio nayo ilipita, na miti iliangukia watu, na watoto walizaliwa na uti wa mgongo uliopinda, bila askari yeyote kuhusika.

Ili swali lionekane wazi, wafikiriwe watu watatu wa kijiji kimoja, si kwa majina, kwa kuwa mfano wao unapatikana karibu kila mahali kwenye barabara ile. Wa kwanza alipigwa risasi ya goti mwaka 2001, wakati wa vita vya pili. Wa pili alikatwa mkono kwa panga shambani mwake baada ya mwaka 2014. Wa tatu alishikwa na polio akiwa na miaka 3, na mguu wake wa kushoto haukukua. Wote watatu hawawezi kulima kama jirani zao, wote watatu wana watoto wanaotakiwa shuleni, na mbele ya jembe hakuna tofauti kati yao. Mbele ya sheria tofauti ni kubwa.

Mlango wa kwanza ambao wakili angeufikiria ni ule wa hifadhi ya jamii, yaani mpango ambao wafanyakazi na waajiri huuchangia ili ulipe mtu anapozeeka, anapoumia kazini au anapopoteza uwezo wa kufanya kazi. Kongo ina mpango huo tangu amri ya tarehe 29 Juni 1961, na sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliufanyia marekebisho makubwa. Shirika linaloendesha mpango huo hujulikana kwa kifupi cha Kifaransa CNSS. Mtu aliyejeruhiwa kazini hupimwa na daktari, hupewa asilimia ya ulemavu, na kutokana na asilimia hiyo hupata ama malipo ya mara moja ama malipo ya kudumu. Ni mpango wa heshima, ila umejengwa juu ya mwajiri, na mkulima wa kakao hana mwajiri. Hakuna anayemkatia michango, hakuna hati ya mshahara, hakuna siku ya kuanza kazi iliyoandikwa popote. Kwa watu watatu wa Mbau mlango huu umefungwa tangu siku waliyozaliwa, na wakili hupita mbele yake bila kubisha.

Mlango wa pili ni ule wa fidia za vita, na hapo ndipo chanzo kinapotawala kikamilifu. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, iliamua kwamba Uganda ilikiuka sheria ya kimataifa kwa matendo ya jeshi lake katika ardhi ya Kongo, na tarehe 9 Februari 2022 mahakama hiyohiyo ikaweka kiwango cha fidia kuwa dola milioni 325, ambapo milioni 225 zilikuwa kwa madhara waliyopata watu, milioni 40 kwa mali na milioni 60 kwa maliasili. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Jambo linalomgusa wakili wa walemavu katika hukumu ile ni namna majaji walivyofika kwenye milioni 225: walikiri kwamba ushahidi waliopelekewa haukutosha kuhesabu waliokufa na waliojeruhiwa mmoja mmoja, na kwa hiyo wakatoa kiasi cha jumla kwa kuzingatia uadilifu. Mahakama kuu kuliko zote ulimwenguni haikuweza kuhesabu magoti yaliyovunjwa. Lakini mfuko uliowekwa na serikali ya Kongo kugawa fedha hizo, unaojulikana kwa kifupi FRIVAO, hauna budi kufanya kile ambacho mahakama haikufanya, yaani kumwuliza kila mtu mmoja mmoja: ni wewe uliyeumia, uliumia lini, na aliyekuumiza alikuwa nani?

Kwa hiyo mtu wa kwanza, mwenye risasi ya mwaka 2001, ana mahali pa kupeleka dai lake, mradi awe na karatasi. Mtu wa pili hana nafasi katika mfuko huo, kwa kuwa panga lililomkata lilikuja miaka zaidi ya kumi baada ya kipindi ambacho hukumu inahusu. Njia yake ni mahakama za kijeshi, ambazo tangu hali ya dharura iliyoanza tarehe 6 Mei 2021 zilipewa mashauri ya jinai ya mkoa mzima, na ambamo mhanga huruhusiwa kujiunga na kesi kama mdai wa fidia kando ya mwendesha mashtaka. Au ni sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 kuhusu ulinzi na fidia kwa wahanga wa ukatili wa kingono unaotokana na vita na wahanga wa uhalifu dhidi ya amani na usalama wa binadamu, ambayo mfuko wake huitwa FONAREV. Njia ya mahakama imejaa hukumu zisizolipwa. Mnamo Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini ilihukumu mbunge wa mkoa na wenzake kwa kuwabaka watoto wadogo wa Kavumu, ikaamuru kila mtoto alipwe dola 5,000, na miaka ikapita familia zikiwa na hukumu mkononi bila malipo. Hata hivyo mtu wa pili ana angalau chanzo, na chanzo chake kina jina katika sheria.

Mtu wa tatu hana kitu isipokuwa Katiba. Kifungu cha 49 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema kwamba mzee na mtu mwenye ulemavu wana haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yao ya mwili, akili na maadili, na wala hakiulizi ulemavu umetoka wapi. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikatangaza sheria ya kiungo, yaani sheria iliyo juu ya sheria za kawaida kwa kuwa inakamilisha Katiba, juu ya ulinzi na uendelezaji wa haki za watu hao. Sheria hizi zote zimesimama juu ya hitaji. Tatizo ni kwamba nyuma yake hakuna mfuko unaompa mkulima asiye na mwajiri kiasi cha fedha kila mwezi, kama ulivyo mpango wa Kenya unaozipa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Basi huko Mbau chanzo kina fedha ila ni kigumu kuthibitisha, na hitaji ni rahisi kuthibitisha, kwa kuwa linaonekana kwa macho mtu anapopita njiani, ila halina fedha.

Mgawanyo huu haukuanzia kwa watunga sheria wa Kinshasa. Aristoteli, katika kitabu cha tano cha Maadili yake, alitofautisha haki ya kurekebisha, ambayo humrudishia mtu kile alichonyang'anywa na mwingine, na haki ya kugawa, ambayo humpa kila mtu fungu lake katika mali ya pamoja kwa kadiri inayomstahili. Ya kwanza huangalia nyuma, kwenye tendo; ya pili huangalia waliokaa mezani sasa. Jambo linalostahili kuangaliwa ni kwamba Athene ya Aristoteli, mji uliokuwa na watumwa na uliopigana vita vingi, iliwalipa walemavu kwa haki ya pili. Aristoteli mwenyewe ameandika kwamba raia asiyeweza kufanya kazi kwa sababu ya ulemavu, na ambaye mali yake haifiki mina tatu, alichunguzwa na Baraza akalipwa oboli mbili kwa siku. Aliulizwa kuhusu mwili wake na mali yake. Hakuulizwa nani alimvunja.

Katika Injili ya Yohana, sura ya tisa, kuna simulizi ambalo kila Mkristo wa Beni amelisikia mara nyingi, lakini ambalo mara chache husomwa kama kesi ya madai, ilhali ndivyo lilivyo. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na swali lao la kwanza ni la chanzo: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu anakataa njia zote mbili za swali hilo, anatengeneza tope na kumpaka machoni, naye anapata kuona. Kinachofuata ni uchunguzi wa kiofisi. Majirani wanabishana kama huyu ni yuleyule aliyekuwa akiomba. Wakubwa wanamhoji, hawaridhiki. Wanawaita wazazi watoe ushahidi kwamba mtoto wao alizaliwa kipofu kweli. Wazazi wanaogopa na kujibu kwamba yeye ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe. Kisha wanamwita mara ya pili. Mtu ambaye kwa miaka yote alikaa njiani bila mtu kumwuliza lolote, sasa anahojiwa na kila mtu, na hakuna hata mmoja kati ya wanaomhoji anayeuliza atakula nini. Mwanasheria yeyote aliyewahi kumpeleka mteja wake kutoka kwa shefu wa kijiji kwenda kwa daktari, kutoka kwa daktari kwenda Ofisi ya Mambo ya Jamii, na kutoka huko kurudishwa kwa shefu kwa sababu ya muhuri usiosomeka, anaijua sura hiyo kutoka ndani.

Ingekuwa rahisi basi kuhitimisha kwamba chanzo ni swali la wanafunzi wasioelewa, na kwamba wakili mwadilifu anapaswa kusimama na hitaji peke yake. Hitimisho hilo halikubaliki, na linafaa kukataliwa kwa nguvu, hasa Mbau. Mtu aliyekatwa mkono na mtu mwingine hakupoteza mkono tu. Alifanyiwa dhuluma, na dhuluma ni jambo ambalo hitaji halilijui. Ukimpa mtu huyo malipo kwa sababu tu hana mkono, ukamwambia kwamba mbele ya mfuko yeye na aliyeangukiwa na mti ni sawa, umemlisha lakini umemnyamazisha, kwa maana umeligeuza kosa kuwa bahati mbaya, na panga umelifanya kuwa mvua. Wahanga wengi hudai jambo moja kabla ya fedha, nalo ni kwamba itamkwe hadharani, na mtu mwenye mamlaka, kwamba walitendewa uovu na kwamba hawakustahili. Fidia bila utamkaji huo huonekana machoni pao kama bei. Kwa hiyo chanzo kina kazi yake ambayo hakuna kingine kinachoweza kuifanya: kinamtaja mdeni.

Kosa huanza pale chanzo kinapoacha kuwa sababu ya kumwongezea mtu mmoja na kuwa sababu ya kumnyima mwingine. Mwanauchumi Amartya Sen, katika mhadhara alioutoa mwaka 1979 juu ya usawa, alionyesha kwamba kiasi kilekile cha mali hakimfikishi mtu mwenye ulemavu mahali kinapomfikisha mtu mzima wa mwili, kwa kuwa sehemu ya mali yake hutumika kununua kile ambacho mwenzake hupewa bure na mwili wake. Katika mizani hii mguu wa polio na goti la risasi huchukua gharama ileile: nauli ya pikipiki mahali ambapo wengine hutembea, kibarua wa kuvuna mahali ambapo wengine huvuna wenyewe. Hitaji basi linapaswa kuwa sakafu ambayo wote watatu husimama juu yake, na chanzo kiwe kile kinachojengwa juu ya sakafu hiyo kwa ajili ya wale waliodhulumiwa. Hali ilivyo sasa ni kinyume: kuta zimejengwa hewani, na zinaporomoka kwa kuwa hukumu hazilipwi, ilhali sakafu haijawahi kumwagwa.

Lugha ya Kiswahili yenyewe hubeba sehemu ya mjadala huu katika maneno yake. Neno haki limetoka katika Kiarabu, ambako lina maana ya ukweli na pia ya kile anachostahili mtu. Neno sadaka limetoka katika mzizi mmoja na kusadiki, yaani kuamini. Anayetoa sadaka humsadiki mwombaji kwa sura yake tu, hamwombi cheti, na ndiyo maana sadaka hufika upesi. Lakini hutolewa kutoka juu, na anayeipokea hujua kwamba kesho inaweza isije. Haki huja kwa usawa, mtu huidai akiwa amesimama wima, lakini kabla ya kuipata hutakiwa athibitishe ukweli wake kipande kwa kipande. Mapokeo ya Kiislamu yana tukio linaloziunganisha pande hizi: Abu Yusuf, kadhi wa Baghdad wa karne ya 8, amesimulia katika kitabu chake juu ya kodi kwamba Khalifa Umar alimkuta Myahudi mzee kipofu akiomba mlangoni, akampeleka kwa mtunza hazina ya umma na kuagiza yeye na walio mfano wake watunzwe kutoka humo, kwa kuwa haikuwa haki kula ujana wa mtu kwa kodi na kumtupa katika uzee. Umar alimwamini kama mtoa sadaka, akampa kama mlipa deni. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa kile ambacho kifungu cha 49 kinakusudia.

Gharama ya kuthibitisha inastahili kuchunguzwa kwa karibu, maana ndiko kazi ya wakili inakogusa nafsi ya mteja. Mwanafalsafa Mwingereza Jonathan Wolff aliandika mwaka 1998 juu ya kile alichokiona kama aibu ya kufunuliwa: mfumo unaotaka kuwa mwadilifu kabisa humlazimisha mtu kueleza, kwa kinywa chake na mbele ya wageni, kwamba hana uwezo ambao wengine wanao, na mtu anaweza kupata malipo yake akiwa amepoteza sehemu ya heshima yake mwenyewe. Huko Mbau aibu hii ina uzito wa pekee, kwa sababu Mkongo amefundishwa na maisha kujitegemea kabla ya kila kitu. Watu husema kifungu cha 15, kwa maana ya kifungu ambacho hakimo katika Katiba yoyote lakini kinatawala kila nyumba: jitafutie mwenyewe. Mtu mwenye mkono mmoja hujitafutia. Wakati wa mavuno hukaa chini, huweka tunda la kakao katikati ya magoti, hulipasua kwa rungu badala ya panga, hukomboa mbegu kwa vidole vya mkono uliobaki, huzifunika kwa majani ya mgomba kwa siku tano au sita ili zichachuke, kisha huzianika juu ya turubai na kuzigeuza kwa mguu. Magunia yake ni machache kuliko ya jirani na hutoka siku nyingi baadaye, lakini hutoka. Afisa anayepita akamwona juani na turubai yake huandika kwamba mhusika anafanya kazi.

Shutuma hii ni ya kale. Takriban mwaka 400 Kabla ya Kristo, Lisia, aliyekuwa mwandishi wa hotuba kwa ajili ya watu waliopaswa kujitetea wenyewe mahakamani, alimwandikia fundi mmoja maskini wa Athene utetezi wa oboli moja kwa siku. Mshtaki alidai kwamba mtu huyo si mlemavu, kwa kuwa alionekana akipanda farasi na kwa kuwa alikuwa na kazi ya mikono. Utetezi ulikuwa kwamba hupanda farasi wa kuazima kwa sababu hawezi kutembea mbali, kama vile anavyotumia fimbo mbili ambapo wengine hutumia moja, na kwamba angekuwa na uwezo angenunua nyumbu. Kwa Lisia, farasi na fimbo vilikuwa dalili moja: kila kimojawapo kilionyesha ni kiasi gani mwili ulihitaji kusaidiwa ili ufanye kile ambacho miili mingine hufanya bila kufikiri.

Humo mna fundisho kubwa la kazi ya wakili. Mwanasheria asiye mwangalifu huandika kwamba mteja hawezi: hawezi kutembea, hawezi kulima, hawezi kubeba. Maneno haya ni mepesi kuandika na ni mabaya mara mbili, kwanza kwa sababu mara nyingi si kweli na jirani yeyote atayapinga, na pili kwa sababu mteja husomewa na kuambiwa aweke kidole gumba, na kidole hicho kinakuwa sahihi yake juu ya maelezo yanayomfanya kuwa gogo. Sheria ya Marekani, ambayo tangu mwaka 1956 imeweka malipo kwa wafanyakazi waliopoteza uwezo, humtaka mwombaji aonyeshe kwamba hawezi kufanya kazi yoyote ya maana, na mawakili wa huko wamelazimika kuijifunza lugha ya kutoweza hadi ikawa ufundi. Mbau haihitaji kuirithi lugha hiyo. Inawezekana kueleza kila tendo pamoja na gharama yake: kwamba anatembea hadi sokoni, lakini kwa saa mbili mahali pa nusu saa na kwa kupumzika mara sita, kwamba anavuna, lakini magunia matatu mahali pa kumi. Maelezo ya namna hii yanamwacha mtu akiwa mtendaji katika habari yake mwenyewe, na bado yanaonyesha deni. Ni kazi ya subira, na wakili aliyetumwa na ofisi ya ushauri wa bure, ile ambayo sheria ya mawakili ya mwaka 1979 inataka iwepo kwa ajili ya wasio na uwezo, mara nyingi hana muda wa kuifanya, kwa kuwa ametoka Beni au Butembo asubuhi na barabara haipitiki usiku.

Neno lenyewe wakili linamkumbusha wajibu huo. Asili yake ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwingine, na katika Uislamu ni mojawapo ya majina ya Mungu, anayetosha kutegemewa. Wakristo nao, wanapomtaja Roho Mtakatifu kama Msaidizi, hutumia neno ambalo katika Kigiriki cha Injili lilimaanisha aliyeitwa asimame kando ya mtu, na ambalo Kilatini kililitafsiri kwa neno ambalo Kifaransa cha mahakama za Kongo kimerithi kumwitia mwanasheria. Katika sura ya tano ya Yohana, mtu aliyeugua kwa miaka 38, aliyelala kando ya birika la Bethzatha, anaeleza kwamba hana mtu wa kumtia majini maji yanapotibuka, na kila akijaribu mwingine humtangulia. Wahubiri husisitiza imani au kukata tamaa kwake. Kisisitizwe pia kile anachosema kuhusu utaratibu: birika linamponya wa kwanza peke yake, yaani mwenye nguvu kuliko wagonjwa wote, na kwa hiyo linawapa waliohitaji kidogo na kuwaacha waliohitaji sana. Mfuko wowote ambao orodha yake hufunguliwa kwa wiki mbili mjini ni birika la namna hiyo, na wa Mbau aliyepotewa na karatasi nyumba ilipochomwa hufika maji yakiwa yametulia.

Wanande wana chumba cha mazungumzo kinachoitwa ekyaghanda, mahali ambapo wazee waliketi kuzunguka moto, wakafundisha vijana na kusuluhisha mashauri. Katika baraza la namna hiyo mtu hathibitishwi kwa asilimia. Anajulikana, pamoja na baba yake na shamba lake. Ufahamu huo una hatari yake, kwa kuwa anayejulikana vibaya hahesabiwi, na mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda aliweza kudhaniwa kuwa ameletwa na laana, swali la wanafunzi likirudi katika vazi la kienyeji. Lakini Waswahili wamelijibu swali hilo kwa maneno mawili ambayo huko Kivu pia husemwa: hujafa hujaumbika. Maana yake si onyo la adabu tu dhidi ya kumcheka kilema. Ni kauli juu ya mwili, kwamba uumbaji wake haukuisha siku ya kuzaliwa, na kwamba anayemtazama mwenye mkongojo anatazama mojawapo ya maumbo ambayo mwili wake mwenyewe bado unaweza kupewa. Kwa mtu wa Mbau, ambaye huenda shambani asubuhi bila kujua atarudi na mikono mingapi, kauli hiyo ni maelezo ya kawaida ya siku. Na kama hivyo ndivyo ulivyo mwili, hitaji la mwenye polio ni jambo la watu wote, halimhusu yeye na Mungu wake peke yao.

Inabaki karatasi ya daktari. Cheti kinachotumika katika madai haya huwa na mahali pa kuandika aina ya kilema, mahali pa asilimia, na mahali pa chanzo. Kwa mtu wa kwanza na wa pili daktari huandika risasi, panga, mwaka. Kwa mtu wa tatu, mahali pa chanzo ndipo penye jaribu zito kuliko yote ambayo kazi hii huleta, kwa sababu kila aliyemo chumbani anajua kwamba neno moja likibadilishwa, polio ikawa risasi, mguu uleule utahamia kutoka kwenye kifungu kisicho na fedha kwenda kwenye mfuko wenye fedha. Mashahidi watapatikana, maana jirani humpenda. Wapo wanaoona kwamba uongo huo ni haki, kwa kuwa unarekebisha ubaguzi ambao sheria haikupaswa kuuweka, na hoja yao haipaswi kudharauliwa, kwa maana wanayemtetea ana njaa kweli. Lakini uongo huo unasema jambo juu ya mtu huyo ambalo mwenyewe hakulisema: kwamba bila adui hangestahili kitu. Unamchukulia aliyekatwa mkono ushahidi wake na kuufanya kuwa tiketi ambayo kila mtu anaweza kuiazima, na siku orodha itakapochunguzwa, wote wawili watatiliwa shaka. Wakili anayeyaona haya humwomba daktari aandike polio, utotoni, kisha anaandika ombi lake kwa kifungu cha 49 na sheria ya tarehe 3 Mei 2022, analipeleka kwa msimamizi wa teritware huko Oicha, anadai stakabadhi yenye muhuri na tarehe, na nakala anampa mteja aiweke mahali ambapo moto hautaifikia kwa urahisi.